Msilisugue jiwe: dhana potofu kuhusu kumbukumbu za vita makanisani

Kila Oktoba simu ni zilezile. Jumapili ya Ukumbusho ya Novemba, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, inakaribia, na baraza la kanisa fulani la kijijini Uingereza linataka mnara wake wa kumbukumbu ya vita upendeze. Nikifika, nakuta mtu mwema ameshanitangulia na brashi ya waya na ndoo ya jiki.

Mnara wenye weusi si mnara uliotelekezwa. Mingi ilisimamishwa miaka ya 1920, na mingi ni ya jiwe la chokaa. Weusi na kuvu vya miaka mia, kwa sehemu kubwa, havina madhara. Madhara huja na usafi wetu. Siki au asidi ikigusa jiwe la chokaa hutoa povu, na povu hilo ni jiwe lenyewe likiyeyuka. Mashine ya maji ya presha huchuna gamba gumu la nje. Kinachobaki hunyonya uchafu upesi kuliko mwanzo. Herufi za madini ya risasi, zilizopigiliwa kwenye vitundu vidogo, huchomoka mojamoja. Nimeona vibao vya shaba vilivyong'arishwa kwa mapenzi vizazi na vizazi hadi majina yamelika kama sarafu kuukuu. Na ule utando wa kahawia au kijani juu ya bronzi ndio koti lake. Uacheni!

"Lakini majina hayasomeki." Njooni jioni na tochi. Imulikeni kutoka ubavuni, mwanga upite sambamba na uso wa jiwe, na kivuli kitaingia katika kila herufi. Pigeni picha hapohapo, muihifadhi parokiani. Mara nyingi kazi imeishia hapo. Jina lililosuguliwa likafutika halirudi. Likichongwa upya, tunasoma mkono wa fundi wa leo.

Mengine kwa kifupi. Waliotajwa hawakuzikwa chini ya mnara: Uingereza haikurudisha maiti za askari wake waliokufa ng'ambo katika Vita Kuu ya Kwanza, ndiyo maana vijiji vilihitaji mahali pa kuweka shada. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa 1917, hutunza makaburi na kumbukumbu zake yenyewe, si mnara wenu. Halmashauri nayo, kwa sheria ya 1923, ina ruhusa ya kugharimia matunzo, haina wajibu.

Orodha ya majina pia haikutoka serikalini. Kamati za vijiji ziliuliza familia, na wapo waliokataa kwa kuwa bado walimngoja kijana wao. Askari mwingine yumo kwenye minara mitatu: kwao, shuleni, kazini.

Kanisa linapokaribia kufungwa, usipakie kibao garini ukakihifadhi gereji kwako. Kukihamisha kunahitaji kibali cha dayosisi. Ombeni kabla funguo hazijakabidhiwa, na andikeni kibao kinakwenda wapi.