Sindano za insulini zimeisha? Usiruke dozi

Mbona sindano inaniuma hivi?
Mara nyingi ni kwa sababu imechoka. Imepakwa silikoni ili iteleze. Ukiirudia mara tatu nne, silikoni inaisha na ncha inaanza kupinda. Insulini iliyotoka kwenye friji sasa hivi nayo huuma, na spiriti isiyokauka vilevile.

Sindano ndefu si ndiyo hufikisha dawa vizuri?
Hapana. Ngozi ya mtu mzima, awe mnene au mwembamba, ina unene wa kama milimita 2 hadi 2.5. Sindano ya milimita 4 ya peni (kifaa kama kalamu chenye insulini ndani) inatosha. Insulini inatakiwa kwenye mafuta chini ya ngozi, si kwenye msuli, kwa hivyo ukipewa sirinji yenye sindano ya milimita 8, finya ngozi kwanza. Kwenye boksi angalia namba yenye G: 32G ni nyembamba kuliko 29G.

Sindano zimeisha na mshahara bado. Si nipumzike siku mbili tu?
Hapana. Hata siku moja usipumzike. Hospitalini tunaletewa watu wamebebwa kutoka kwenye matatu, wanatapika, tumbo linauma, wanapumua kwa kasi na kwa kina, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Tukiuliza, jibu ni lile lile: sindano ziliisha Ijumaa, tukangoja. Mwili ukikosa insulini huchoma mafuta, na asidi hujaa kwenye damu. Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, siku moja inaweza kutosha kumfikisha hapo.

Lakini kama sijala, sukari itatoka wapi?
Itatoka kwenye ini lako, ambalo huitengeneza hata ukiwa na njaa. Kama huli au unaumwa, piga simu kliniki waseme kama dozi ipunguzwe na kwa kiasi gani. Kuacha kabisa kwa uamuzi wako mwenyewe, hapana. Tafadhali, hapana.

Basi nitumie ile ya asubuhi?
Sindano ni ya mara moja, na ndivyo tunavyofundisha. Ila ikiwa usiku umeingia na mpya hakuna, afadhali urudie yako mwenyewe, isiyopinda wala kugusa kitu, kuliko kukosa dozi. Kesho yake tafuta mpya.

Niazime ya mke wangu? Naye ana sukari.
Usiazime. Virusi vya Ukimwi na homa ya ini B na C hupita hapo. Hata peni msishiriki: hata ukibadilisha sindano, damu huenda imesharudi ndani ya peni yenyewe.

Nitapunguzaje gharama?
Mara nyingi boksi zima hukupa bei nafuu kuliko kununua moja moja kwenye duka la dawa. Changeni wawili wa kliniki moja, mgawane sindano zikiwa bado zimefungwa. Kichupa na sirinji kwa kawaida ni rahisi kuliko peni; muulize daktari kama unaweza kubadilisha. Insulini ya U-100, yaani yuniti 100 kwa kila mililita, inataka sirinji ya U-100. Ukiivuta kwa sirinji ya U-40 utajidunga mara mbili na nusu ya dozi yako.

Na acheni kudunga palepale kila siku eti hapaumi! Nikipapasa tumbo nakuta uvimbe laini kando ya kitovu, kulia na kushoto. Hapo insulini hainyonywi sawasawa. Sukari inapanda, mtu anaongeza yuniti, pesa inapotea. Sogea upana wa kidole kila mara, na uvimbe uuache upumzike. Ukihamia ngozi nzima, pima sukari mara kwa mara na uwaambie kliniki, maana dozi ile ile huenda ikaishusha mno.

Zilizotumika nitupe wapi?
Kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, kama ya Jik, kisha uipeleke kituo cha afya. Wanaochambua taka kwenye jaa la Dandora, Nairobi, wana mikono pia.

Niende hospitali lini?
Ukiwa umekosa insulini na una kiu isiyokatika, unakojoa sana, unatapika au unahema, nenda sasa hivi, hata kama ni saa nane za usiku. Usingoje siku ya kliniki.