Paka amehamia Dodoma: usiharakishe kudeki

"Dokta, paka amenisusa." Mama mmoja aliyehamia Ilazo kutoka Dar es Salaam alinipigia siku ya pili baada ya kushusha vyombo. Paka yuko uvunguni, dagaa hajagusa, akisogelewa ananguruma. Tangu Serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, simu za namna hii nimezizoea.

Nilipofika, dawa ya kudekia ilinukia tangu getini. Mama alikuwa amefua hata blanketi la paka, kwa nia njema kabisa.

Paka hajasusa. Anaogopa. Nyumba yake anaijua kwa pua kuliko kwa macho. Ana tezi mashavuni, na kila anapojisugua kwenye mguu wa kochi au fremu ya mlango anaacha harufu tusiyoweza kuisikia sisi. Harufu hiyo ndiyo inayomtuliza. Ukihama, umemtoa kwenye alama zote alizoziweka kwa miaka. Ukifua blanketi, umemfutia na ile moja aliyosafiri nayo.

Kwa hiyo blanketi lisifuliwe kwanza. Chukua kitambaa safi cha pamba, msugue mashavuni akiwa ametulia, kisha kipitishe kwenye kona za kuta na miguu ya meza, usawa wa kimo chake. Rudia kila siku. Kama alikuwa akijisaidia kwenye beseni la mchanga, beba kopo moja la mchanga ule ule uuchanganye na mpya.

Dawa za kudekia zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikiingia majini, ziache kabisa. Nyingi zina kemikali za jamii ya fenoli, na ini la paka haliziwezi. Anakanyaga sakafu, analamba miguu, anaumwa. Panadol nayo ni sumu kwake. Naomba sana, asipewe hata kipande.

Mwanzoni mpe chumba kimoja kisicho na pilikapilika: maji, chakula, choo mbali na chakula, na boksi la kujificha. Usimvute uvunguni. Kaa sakafuni, fanya shughuli zako, aje mwenyewe. Upepo wetu wa mwezi wa saba unavyobamiza milango na kugongesha mabati, paka wa Dar hajawahi kuusikia, basi madirisha ya chumba hicho yafungwe vizuri. Wapo wanaozoea kwa siku mbili, wapo wa wiki mbili. Ukimwona anausugua mlango kwa shavu, mfungulie chumba cha pili.

Jambo lisilosubiri ni kula. Akipitisha siku nzima bila kutia kitu mdomoni, mpeleke kwa daktari wa mifugo, hasa akiwa mnene. Paka mnene akishinda njaa, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulijaza, na hali hiyo huua.

Nje asitoke kabla ya wiki tatu, wala kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mitaa yetu mipya ina viwanja vitupu vingi na mbwa wasio na mwenyewe. Siku ya kwanza mtoe kabla ya chakula cha jioni, njaa imrudishe.

Siku ya tisa mama alinitumia picha: paka amelala juu ya boksi la vyombo lililotoka Dar, bado limefungwa kwa kamba. Nikamwomba asilifungue kwanza.