Kwa nini Segera imo kwenye ramani ya barabara na Manzese haimo

Mkazi wa Manzese, mtaa wa Dar es Salaam, akikunjua ramani ya barabara za Tanzania nzima, kwanza hutafuta kwao. Hapaoni. Anaona Chalinze, anaona Segera, basi anahisi wachoraji wamemdharau. Hapo ndipo dhana nyingi potofu, kama hizi, zinapoanzia.

“Mji mkubwa huandikwa, mdogo huachwa.”
Watu wa Manzese ni wengi kuliko wa Segera, hilo halina ubishi. Ila ramani hii huchorewa msafiri, na kinachotazamwa ni pale anapolazimika kuamua. Dereva aliyetoka Dar akifika Chalinze ananyoosha kwenda Morogoro au anakata kulia kuelekea kaskazini. Segera, kulia ni Tanga, mbele ni Korogwe, Moshi na Arusha. Makambako ndipo wa Songea anapoachana na wa Mbeya. Akikosa jina moja kati ya hayo, anapotea. Manzese anapita tu, moja kwa moja na Barabara ya Morogoro.

Halafu kuna nafasi. Kwenye skeli ya 1:2,000,000, milimita 1 ni kilomita 2, kwa hiyo Kivukoni hadi Kimara haifiki sentimita 1. Uandike mitaa mingapi hapo? Ndiyo maana Dar huhitaji kisanduku chake pembeni, chenye skeli kubwa zaidi, na humo uchaguzi huanza upya.

“Mstari mnene ni barabara nzuri.”
Unene huonyesha daraja la barabara, yaani hadhi yake kisheria. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatenga barabara za kitaifa, yaani kuu na za mikoa, ambazo ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na za wilaya, ambazo tangu 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kwenye barabara kuu ya kwenda Lindi, kilikaa miaka mingi bila lami, magari yakinasa kwenye tope kila masika. Hadhi yake ilikuwa ileile. Lami na changarawe zina alama zake; soma ufunguo wa ramani kabla ya kuwasha gari.

“Pantoni si barabara.”
Inavusha magari, basi huchorwa. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa 2016, na pantoni bado inavusha.

“Ramani ikiwa rasmi, haina mkono wa mtu.”
Huko Marekani, ramani rasmi ya jimbo la Michigan ya 1978 ilitoka na miji miwili isiyokuwepo, Beatosu (“Beat OSU”, yaani ishindeni OSU, Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio) na Goblu (“Go Blue”, kauli ya mashabiki wa Chuo Kikuu cha Michigan), kwa sababu mwenyekiti wa tume ya barabara kuu, Peter Fletcher, alitaka kuwachokoza mashabiki wa chuo hicho hasimu cha Ohio.

“Kisichomo kwenye ramani rasmi hakitambuliki.”
Kuanzia 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi, walitembea mitaa kama Tandale kwa mradi wa Ramani Huria, wa kuchora ramani za kukabili mafuriko, wakiandika mitaro na vichochoro. Kichochoro cha kupita pikipiki kikiwekwa kwenye ramani ya malori kitamponza dereva. Kwenye ramani ya mafuriko, ni njia ya kuokolea watu.

“Kwenye ramani nyumba yangu iko mbali na barabara, niko salama.”
Hii ndiyo inayoniuma, maana imegharimu watu makazi. Kwa sheria ya 2007, hifadhi ya barabara ya kitaifa, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili yake, ni mita 60, yaani 30 kila upande. Kwenye skeli ile ya 1:2,000,000, mita 30 ni milimita 0.015, hakuna kalamu ya kuichora. Mstari wenyewe, ukiwa na milimita 1, tayari umefunika kilomita 2 za ardhi. Na hifadhi hazilingani: Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, na nyumba zikabomolewa mwaka 2017. Kabla ya kuchimba msingi, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri yako uombe ramani ya upimaji wa eneo, kisha uulize TANROADS mkoa hifadhi inaishia wapi. Wakuonyeshe mpaka wenyewe ardhini, kwenye kiwanja chako.