Kwa nini ada ya leseni ya nyumba za kupangisha England hulipwa mara mbili?

Mwenye nyumba anayeomba leseni ya kupangisha kwenye halmashauri nyingi za England hukuta malipo mawili: la kwanza anapopeleka maombi, la pili maombi yakishakubaliwa. Ni rahisi kudhani halmashauri imemwonea huruma, alipe kidogo kidogo. Huruma haimo. Waliosikia kwamba kulikuwa na kesi nao hudhani mahakama ilikataza kumtoza mwenye nyumba gharama za ukaguzi na za kuwasaka wanaopangisha bila leseni. Wapi! Gharama hizo bado ni zake, na jumla ya ada inaweza kubaki ileile. Kilichokatazwa ni kuzidai mapema.

Leseni zenyewe zimo kwenye Sheria ya Nyumba ya 2004. Ugomvi wa ada, lakini, ulianzia kwenye maduka ya bidhaa za ngono ya Soho, London. Halmashauri ya Westminster iliyatoza zaidi ya pauni 29,000 kwa mwaka. Kushughulikia maombi kulichukua chini ya pauni 3,000. Zilizobaki zilikuwa za kusimamia utaratibu mzima na kuwasaka wasio na leseni, na aliyekataliwa alirudishiwa. Wafanyabiashara wakaenda mahakamani, wakitegemea kanuni za Uingereza za mwaka 2009 kuhusu utoaji wa huduma, zilizotokana na sheria ya Umoja wa Ulaya.

Ichukulie kama shule binafsi. Fomu na usaili unalipia, mtoto apite asipite. Shule ikidai na karo ya mwaka mzima kabla ya usaili, hata ikiapa kuirudisha, bado wewe ndiye wa kuitafuta leo, na huko ndani inalipia walimu wa watoto wa wenzako. Novemba 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kulipa gharama za usimamizi mapema ni mzigo usioruhusiwa, hata kama pesa itarudi. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikuwa imeshasema 2015 kwamba waliokwisha kupewa leseni wanaweza kutozwa gharama hizo za usimamizi.

Baadaye mwenye nyumba mmoja aliishtaki Halmashauri ya Richmond upon Thames, London. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikakubali kwamba kupangisha nyumba ni kutoa huduma, hivyo kanuni za huduma za 2009, zilezile walizozitegemea wafanyabiashara wa Soho, zinamlinda naye. Kesi hiyo ilihusu nyumba inayokaliwa na wapangaji wa kaya tofauti. Leseni za eneo zima, yaani zinazodaiwa kwa nyumba za kupangisha za eneo lililotengwa na halmashauri, hazikuwa mbele ya jaji, ila halmashauri nyingi zimezigawa ada zake vivyo hivyo.

Uingereza imekwisha kutoka Umoja wa Ulaya. Malipo bado ni mawili.