Hesabu zimefungwa mwezi gani?

Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu niliwapa hesabu za kampuni ya kubuni inayobangua korosho hapa Mtwara. Gharama ya mauzo kwa mwaka, shilingi bilioni 1.2. Mzigo ghalani mwanzoni mwa mwaka, milioni 60. Mwishoni, milioni 40. Kanuni ya mzunguko wa mzigo wanaijua kwa moyo: wastani ni milioni 50, gawanya gharama ya mauzo kwa wastani huo, unapata mara 24. Yaani mzigo unakaa ghalani siku 15 tu. Karibu darasa zima likaandika kwamba kampuni inauza haraka, benki iikopeshe.

Aliyekulia Tandahimba, kwenye mikorosho, ndiye aliyenyoosha mkono: "Mwalimu, hizi hesabu zimefungwa mwezi gani?"

Septemba 30. Wakati huo ghala limebaki na vumbi na magunia matupu. Minada ya korosho ya stakabadhi ghalani, yaani ya mazao ambayo wakulima wameyakusanya ghalani, huanza Oktoba, na mbanguaji anayetaka kiwanda kifanye kazi mwaka mzima hana budi kununua ghafi ya kutosha ndani ya msimu huo mfupi. Tukachukua salio la kila mwezi, na wastani ukapanda hadi milioni 400. Mzigo sasa unazunguka mara 3, unakaa miezi minne. Tuseme umenunuliwa kwa mkopo wa riba ya asilimia 15: hiyo ni riba ya milioni 60 kwa mwaka, na hakuna aliyekuwa ameiona.

Hakuna aliyeghushi kitu. Tarehe tu.

Nadhani vyuoni tunawakaririsha mno kanuni, kisha tunashangaa mhitimu anapobabaika mbele ya faili la mkopo la chama cha ushirika. Eksel ajifunze, ndiyo. Cheti cha CFA, cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, chenye ngazi tatu, akikiweza akichukue, ingawa ada yake ni ya dola na si mlango wa kwanza wa kazi. Kabla ya hapo kuna hesabu za bure: kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, zikiwemo benki za NMB na CRDB, hutoa taarifa zao hadharani. Asome moja kwa wiki, aanze na mtiririko wa fedha, faida ije baadaye, kisha aandike ukurasa mmoja ambao ofisa mikopo ataumaliza amesimama.

Zoezi lijalo ni mnunuzi wa ufuta wa Lindi. Minada yake huwa katikati ya mwaka, na hesabu nimezifunga Juni 30.