Ubingwa wa uzazi wa mbwa hauji na mashine

"Daktari, leo siku ya 63 tangu apandwe na bado hajazaa. Mpasueni." Simu za namna hii tunazipokea sana, na daktari asiyebobea anaweza kukubali palepale. Tatizo ni kwamba siku ya kupandwa si siku ya mimba. Mbegu za dume huweza kuishi ndani ya jike hata wiki nzima, na mayai ya mbwa hutoka kabla hayajapevuka, yakahitaji siku 2 au 3 zaidi. Zile siku 63 huhesabiwa tangu mayai yatoke, na ili kuijua siku hiyo ni lazima damu ipimwe homoni ya projesteroni jike akiwa bado kwenye joto. Ukihesabu tangu kupandwa, mimba nzima inaweza kuwa ya siku 57 au hata 72. Ukipasua mapema, unatoa watoto ambao mapafu yao hayajakomaa. Ukichelewa, wanafia tumboni.

Bingwa huanza na altrasaundi. Anatafuta moyo wa kila mtoto, mmoja mmoja. Kwa kawaida hupiga zaidi ya mara 200 kwa dakika; ukishuka chini ya 180 na kubaki huko, mtoto anakosa hewa. Anauliza pia kama kuna uchafu wa kijani uliotoka kabla ya mtoto wa kwanza, maana hapo kondo limeanza kubanduka. Kuuona moyo kwenye skrini nitakufundisha kwa mchana mmoja. Kuamua kama ungoje nusu saa nyingine au uite watu wa upasuaji, hilo utalipata kwa kesi nyingi, bingwa akiwa amesimama pembeni yako.

Kesi hizo huchukua miaka. Baada ya shahada ya udaktari wa wanyama, kwa kawaida kuna mwaka wa mafunzo ya jumla, kisha miwili au mitatu chini ya mabingwa, halafu mtihani. Muda wote huo mwanafunzi anaishi kwa posho, huku wenzake aliohitimu nao wakipokea mshahara kamili kliniki. Wengi wanaacha hapo, na siwalaumu.

Fedha za umma za uzazi wa wanyama huelekea zaidi kwenye maziwa na nyama, kwa hiyo mbwa hutegemea wanaompenda. Marekani, American Kennel Club (chama kinachosajili mbwa wa mbegu safi), wakfu wake wa afya ya mbwa na Theriogenology Foundation (wakfu wa taaluma ya uzazi wa wanyama) wameungana kufadhili nafasi za mafunzo haya vyuoni. Ruzuku inamlipa mtu anayejifunza, na hapo naona wamepatia. Wafadhili wengi hupenda kununua mashine, pengine kwa sababu mashine hubandikwa kibao cha jina.

Hata asiyefuga mbwa ana sababu ya kufuatilia. Bakteria Brucella canis humfanya jike aharibu mimba, mara nyingi ikiwa imekaribia kutimia, na huweza kumwambukiza binadamu anayeshika vilivyotoka bila glavu. Bingwa wa uzazi akiona mimba imeharibika hivyo, anaagiza vipimo vya maambukizi hayo kabla jike hajapandwa tena.

Kwa hiyo chuo kikikuomba ufadhili, omba kwanza ratiba ya zamu za usiku. Usipoona jina la bingwa karibu na la mwanafunzi, kinunulie mashine tu.