Mandhari ya hadithi haiishii kwenye mlima

Juzi nimeisikia tena hapa Moshi, kwa kijana aliyetuletea hadithi yake tuisome: "Mandhari ipo, nimeuweka mlima." Mlima ameuweka kweli. Mandhari bado.

Mandhari ni mahali, wakati na hali ya maisha ambamo matukio ya hadithi yanatokea. Tumefundishwa hivyo shuleni na ni sahihi. Kinachoniuma ni hicho cha tatu, hali ya maisha, ambacho wengi hukiruka. Utaona Kiborloni imetajwa, migomba ipo, theluji ya Kibo inang'aa, lakini wahusika ukiwahamishia Mtwara habadiliki hata mmoja.

Chukua kihamba, yaani shamba la ukoo la Mchagga lenye nyumba na migomba. Mpakani pamepandwa masale, mimea ya majani marefu inayotumika kama uzio, na jani la sale hilohilo ndilo mtu humpelekea aliyemkosea kuomba radhi. Maji ya mfongo, mfereji wa jadi wa kumwagilia, huja kwa zamu. Nyumba ya baba, kwa desturi, hubaki kwa kitinda mimba. Hujaandika tukio lolote, na ugomvi tayari upo: kaka mkubwa karudi Desemba na gari lake, mdogo ndiye aliyebaki na mama na ng'ombe, na asubuhi masale matatu yamekutwa yameng'olewa. Anayetaka kupatana anajua abebe nini. Jani likikataliwa, kila aliyeko pale uani anaelewa uzito wake bila mwandishi kumweleza.

Wakati nao una kazi yake. Mkulima wa kahawa wa mwaka 1933, KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilipoanzishwa, ana hofu zake. Mjukuu anayeng'oa mibuni leo apande parachichi ana nyingine kabisa, ingawa shamba ni lilelile.

Wanaobuni dunia isiyokuwepo wasidhani hili haliwahusu. Wao wana kazi zaidi, maana msomaji hana pa kuzijua desturi za huko isipokuwa kwenye kurasa zao. Kama watu wako wanaruka angani, uzio wa masale unamzuia nani? Watawekaje mpaka? Mwizi anakimbilia wapi? Ukiyajibu hayo umeanza kujenga dunia. Ukiishia kwenye rangi ya mbawa, umepamba tu.

Kwa hiyo, wadogo zangu, mkiulizwa mandhari ya hadithi zenu, msikimbilie jina la mji. Tuambieni kwanza ni kitu gani mhusika wenu hawezi kukifanya pale bila majirani kutoka nje kuangalia.